Siku saba za kungoja Makka: hija yangu na Mama

Tuna wiki tatu tangu turudi. Uvimbe wa miguu ya Mama umeshuka, maji ya zamzam yamekwisha kugawiwa kwa vikombe vya kahawa, na majirani bado wanakuja kutupa mkono. Kila mmoja anauliza, "Ehe, ilikuwaje?" na kila mmoja namjibu kipande tu. Leo nimekaa na daftari langu, picha za kwenye simu na risiti nilizozibana ndani ya pasi, nikaipanga safari siku kwa siku. Naiandika hasa kwa wanawake wanaojiandaa kwenda, maana lililonifika mimi humfika mwanamke yeyote, na semina zote tulizohudhuria zililigusa kwa sentensi moja tu likapita.

Mama ana miaka 71 na magoti yake yamechoka. Katika watoto wake ni mimi niliyejaaliwa kumpeleka. Mimi ni mtu wa haraka. Natembea mbele ya wenzangu, nawamalizia watu maneno mdomoni, na niliondoka na karatasi iliyoandikwa kila kitu: saa ya kuamka, saa ya kutufu, yaani kuizunguka Kaaba mara saba, nani atamsukuma Mama (mimi), nani atamshika mkono pale kilima cha Safa (mimi). Tulidunduliza fedha za safari hii miaka sita. Sikutaka hata dakika moja ipotee.

Madina, Jumamosi 17 Mei hadi Jumapili 25 Mei 2025

Tulitua usiku. Foleni ya pasi ilituchukua saa mbili, Mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha uwanjani na mimi nimeshika mabegi. Hoteli ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili hadi Msikiti wa Mtume (s.a.w.), kwa miguu ya Mama dakika ishirini na tano. Siku za Madina zinafanana na zote ni tamu: alfajiri, usingizi kidogo, adhuhuri, chai, na ile miavuli mikubwa ya uwanjani inayofunguka asubuhi ikajikunja jioni. Mama kila ikifunguka anasimama kuitazama mpaka itulie.

Nitasimama kwenye usiku wa Rawdha tu, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume iliyo kati ya nyumba yake na mimbari. Kibali chetu cha Nusuk, programu ya simu ya serikali ya Saudia, kilisema saa tatu usiku. Saa tatu tukakalishwa kwenye zulia kwa makundi, wanawake mamia, kila kundi likingoja liitwe. Saa nne bado. Nikamfuata mlinzi, mama mmoja aliyejifunika nyeusi tupu, nikamwonyesha kibali kwenye simu. Akaniambia kwa upole, "Sabr, ya hajja, sabr." Baada ya dakika kumi nikamrudia. Akanijibu neno lilelile. Mara ya tatu Mama akanivuta baibui. "Mwanangu, unamwuliza saa mtu ambaye hana saa. Kaa chini tumsalie Mtume."

Tuliingia karibu saa tano na nusu. Mwanamke mmoja, nadhani Mturuki, aliona Mama anavyohangaika kushuka kusujudu. Hakusema kitu. Alisimama nyuma yake, akanyoosha mikono miwili hewani, kama mtu azuiaye mlango, watu wakamgonga yeye badala ya Mama, mpaka Mama akamaliza rakaa zake mbili juu ya lile zulia la kijani. Nilipogeuka nimshukuru, alikwisha sukumwa mbele na umati.

Kwa atakayekwenda: kibali cha Rawdha kiombe mapema. Siku hiyo kula kabla, nenda choo kabla, na viatu vitie kwenye mfuko wako mwenyewe, usiviache kwenye rafu. Tende za ajwa tulizinunua sokoni riali 45 kwa kilo; kwenye duka la chini ya hoteli zilezile ziliulizwa riali 80. Na jambo la nywele: mimi na Mama tulisukwa msuko wa twende kilioni kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiwa ndani ya ihramu, ile hali ya ibada ambamo nywele na kucha hazikatwi, hutaki kuwa unashindana na kitana ukihesabu nywele zinazotoka.

Jumatatu 26 Mei: Dhul-Hulayfa na barabara ya Makka

Asubuhi ya kuondoka Madina niliamka kabla ya adhana nikaiona damu.

Nilikuwa nimemwona daktari miezi miwili kabla, nikapewa vidonge vya kuzuia hedhi, nikavimeza kila siku kwa saa ileile. Mwili ukakataa. Nilikaa kwenye ukingo wa bafu la hoteli nimeshika karatasi yangu ya ratiba, ile yenye "Jumanne, saa saba usiku: tawafu", na sikuweza hata kulia. Mama alinigongea. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngoja nimpigie shehe, wewe oga."

Shehe wa kikundi chetu hakuona haya wala hakunitia haya. Alinieleza kupitia simu ya Mama kwamba hapo hapo Dhul-Hulayfa, mahali tunapokwenda kuhirimia, yaani kuingia kwenye ihramu, Asmaa bint Umays, mke wa Abubakar, alijifungua mtoto wakiwa njiani na Mtume kwenda hija. Akatuma kuuliza afanyeje. Akaambiwa aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie. "Basi na wewe oga, jifunge, uhirimie na wenzako," akasema. "Utafanya kila afanyalo hujaji isipokuwa tawafu. Ukitwaharika, damu ikikatika, utaoga, utatufu. Na ikifika siku ya kwenda Mina hujatwaharika, usivunjike moyo, utaingiza hija juu ya umra, ile hija ndogo, kama alivyofanya Bi Aisha, mke wa Mtume."

Dhul-Hulayfa, ambako siku hizi watu hupaita Abyar Ali, ni kilomita kumi hivi kutoka msikiti wa Madina. Wenzangu waliingia msikitini kusali. Mimi nilikaa kwenye kivuli nje na mikoba kumi na minne ya watu. Basi lilipoanza kuondoka nikatia nia, nikasema talbia na wote: Labbayka Allahumma labbayk. Sauti yangu ilikatika mara mbili, Mama akaiendeleza.

Kutoka hapo hadi Makka ni zaidi ya kilomita 400. Kuna treni ya kasi, lakini sisi tulikuwa wa basi. Baada ya saa mbili kiyoyozi kikafa. Dereva akasimama kwenye kituo cha mafuta, akapiga simu, na tukaambiwa basi jingine linakuja. Lilikuja baada ya saa tano. Nje joto lilikuwa kama mdomo wa tanuri la mikate. Ndani ya kibanda cha msala hatukuenea wote. Ugomvi ukaanza kwa kiti kimoja cha plastiki, ukafika kwa kiongozi, ukafika kwa nani alilipa kiasi gani. Shehe akasimama katikati na ihramu yake imelowa jasho, akakumbusha kuwa Mwenyezi Mungu aliitaja hija akakataza ndani yake mambo matatu, na la tatu ni mabishano. "Hilo la tatu ndilo lililotufuata hapa," akasema, kisha akaketi chini kwenye saruji. Watu wakatulia mmojammoja.

Alasiri ikasimama pikapu. Baba mmoja na wanawe wawili, mdogo hazidi miaka tisa. Wakashusha maji ya baridi, maziwa ya laban na tende, wakampa kila mtu mkononi, wakaondoka. Tukadhani ndiyo basi. Baada ya nusu saa wakarudi na barafu ndani ya ndoo na mwavuli mmoja. Yule mdogo aliufungua, akamshikia Mama kichwani, akakataa kuketi. Alikaa hivyo mpaka baba yake alipomwita, akamwachia Mama mwavuli. Tunao hapa nyumbani. Ni wa buluu na una kijiti kimoja kilichovunjika.

Makka tuliingia karibu saa tisa za usiku. Kabla ya kufika tulipita Sarif, alikozikwa Bi Maimuna, mke mwingine wa Mtume. Hapo ndipo Bi Aisha alipofikwa na ada yake katika hija ya Mtume, akaketi akilia. Mtume akamwambia hilo ni jambo Mwenyezi Mungu aliloliandika kwa mabinti wa Adam. Nilipita hapo nikiwa macho na giza nje, bila kujua. Shehe aliniambia kesho yake.

Makka, Jumanne 27 Mei hadi Jumapili 1 Juni

Hoteli yetu ilikuwa mtaa wa Aziziya, mbali na Haram, msikiti wenye Kaaba, wanawake wanne chumba kimoja. Usiku uleule, kabla hata ya kufungua mabegi, kikundi kikaondoka kwenda kufanya umra. Nilimvisha Mama soksi, nikambana mtandio kwa pini, nikamtilia kwenye mkoba tembe zake na karatasi yenye jina la hoteli. Kisha nikasimama mlangoni, na mtu mwingine akakishika kiti chake.

Mtu huyo alikuwa dada kutoka Komoro, tuliyepangiwa naye chumba. Kiswahili chake kilikuwa na Kikomoro ndani yake, na tulielewana vizuri. Alikuwa amesimama kando akitazama jinsi ninavyomfunga Mama kamba za viatu mara ya pili na ya tatu. Akasema, "Dada, niachie. Mimi mama yangu alikufa kabla sijampeleka." Nikamwachia.

Walirudi saa tano asubuhi. Mama alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na uso umelainika kama wa mtoto aliyelala vizuri. Alinisimulia yote, taratibu, kwa mpango wake: viti vya magurudumu haviruhusiwi uwanja wa chini kwenye Kaaba, walipandishwa ghorofa ya juu ambako mzunguko ni mrefu sana, mzunguko wa nne dada alichoka wakamlipa kijana mwenye kizibao riali 200 amalizie pamoja na sai, ule mwendo wa kati ya Safa na Marwa, alipoiona Kaaba kwa mara ya kwanza alisahau Kiarabu chote akaomba kwa Kiswahili. Kila alipofika mahali nilipotaka kumharakisha, nilijiuma ulimi. Ilimchukua saa nzima. Mwisho akatoa chupa ndogo ya maji ya baridi kutoka kwapani mwa baibui. "Hii nimekuletea wewe. Ilikuwa ya moto njiani, nikaipoza kwa barafu."

Naomba niseme ukweli kuhusu siku hizo. Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa na hasira, na hasira ile niliiita huzuni ili isinitie aibu. Wenzangu wanaondoka kwa basi la saa nane usiku, wanarudi na habari. Mimi nina dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, viyoyozi kumi na viwili (nilivihesabu) na kipande cha mlima. Nilikuwa nimedhani nina subira kwa sababu nilidunduliza miaka sita. Kumbe ile miaka sita ilikuwa mipango, na mpango ulikuwa unakwenda, kwa hiyo hakuna kilichonijaribu. Hapa hakuna nilichoweza kukifanya kiende haraka.

Na kulikuwa na ukucha. Siku ya safari ya basi nilijigonga kwenye mkono wa kiti cha Mama, ukucha wa kidole gumba ukapasuka pembeni. Mwenye ihramu hakati kucha. Nilimwuliza shehe, akasema kama unauma na kuniudhi naweza kuondoa kile kilichovunjika, hakuna neno. Haukuwa unauma. Ulikuwa unanasa tu: kwenye mtandio, kwenye shuka, kwenye uzi wa tasbihi. Mara mia kwa siku. Siku mbili za mwanzo kila ukinasa nilivuta kwa nguvu na uzi ukatoka. Siku ya tatu nikaanza kusimama, nikazinasua nyuzi moja moja, nikaendelea. Sikujiamulia, ilitokea tu kwamba mkono wangu uliacha kupigana nao. Nikiukumbuka mwezi ule wote, hapo ndipo ninapoona kitu kiligeuka ndani yangu, kwenye ukucha, kabla ya Arafa na kabla ya Kaaba.

Nikawa mwenye ufunguo. Wanawake wa ghorofa yetu waliniachia simu zao zichajiwe na vibegi vyao vya fedha. Nikawa nachemsha maji kwenye birika kabla hawajarudi ili wakute chai. Nikafua soksi za Mama na za dada wa Komoro kwa sabuni isiyo na harufu. Nikakaa kwenye mlango wa lifti na bibi mmoja wa Kihausa aliyepotewa na kikundi chake. Hatukuwa na lugha ya pamoja ila dhikri, tukasoma Subhanallah kwa zamu, yeye mia mimi mia, mpaka mwanawe akaja kumchukua akiwa amekwisha lia. Dua na dhikri sikukatazwa, na sikupata kuzisoma kwa utulivu ule kabla wala baada.

Kwa wanawake: beba pedi za kutosha kutoka nyumbani, na sabuni na mafuta yasiyo na manukato. Vidonge mwone daktari mapema, lakini uende ukijua vinaweza visifanye kazi. Mwambie shehe wako mapema pia, usifiche. Na kama ndege yenu inaondoka karibu sana na siku za hija, uliza utaratibu wa tawafu ya ifadha, ile ya lazima baada ya Arafa, maana hiyo haina badala. Tawafu ya kuaga ndiyo mwenye hedhi amesamehewa.

Jumatatu 2 Juni: umra yangu

Nilitwaharika Jumatatu alasiri. Nikaoga. Mabasi ya hoteli kwenda Haram yalikuwa yamesimamishwa kwa msongamano, na teksi iliyokuwa riali 20 wiki ile ya kwanza sasa ilitaka 60. Dada wa Komoro akasema twende kwa miguu. Tulitoka saa sita usiku, tukapita kwenye handaki la waenda kwa miguu, mafeni makubwa yakivuma juu ya vichwa, watu wa kila nchi wametembea kimya na viatu vyao vikisikika. Saa moja na ushee.

Sitaieleza Kaaba. Nitaeleza kisigino. Nilipoingia kwenye mzunguko wa chini, mbele yangu kulikuwa na ajuza mmoja mfupi, amevaa soksi zilizotoboka nyuma, na kwenye tundu la soksi kisigino chake kilikuwa kimepasuka na kimepakwa hina. Hatua zake ndogo, nusu ya zangu. Kushoto hakupitiki, kulia hakupitiki. Mimi wa wiki moja nyuma ningetafuta upenyo. Nilikaa nyuma ya kisigino kile mizunguko yote saba. Alipoinua mkono kuelekea Hajar al-Aswad, lile Jiwe Jeusi la pembeni mwa Kaaba, nami niliinua. Aliposimama kuvuta pumzi nami nilisimama, nikatanua viwiko kidogo ili wa nyuma wasimwangukie, nikamkumbuka yule mwanamke wa Rawdha. Uso wake sikuuona kabisa.

Kwenye sai, kati ya Safa na Marwa, kuna taa za kijani ambapo wanaume hukimbia kidogo na wanawake hutembea. Bi Hajar, mke wa Nabii Ibrahimu, alikimbia pale peke yake na mtoto ana kiu, mara saba, hakuna maji kulia wala kushoto, na maji yakatoka mahali ambapo hakuwa akipatafuta, kwenye miguu ya mtoto. Njia yote ni karibu kilomita tatu. Nilikuwa nimekisikia kisa hiki tangu madrasa. Usiku ule nilikitembea.

Pale Marwa dada wa Komoro alikata ncha za nywele zangu kiasi cha pingili ya kidole, msuko kwa msuko. Kisha akanipa mkasi mdogo nikakata ule ukucha.

Jumatano 4 Juni: Mina

Tulipelekwa kwenye mahema ya Mina usiku wa kuamkia tarehe nane Mfungotatu, mwezi wa hija. Godoro la sponji, upana wake bega moja na nusu, na majirani kila upande. Wenye baridi walizima kiyoyozi, wenye joto wakakiwasha, usiku kucha. Mchana uliobaki ni sala, wali wa sinia la karatasi ya fedha na foleni. Foleni ya choo ilifika dakika arobaini. Ukienda saa moja kabla ya adhana utakuta watu watano tu.

Alhamisi 5 Juni: Arafa

Mwaka 2025 serikali yao iliwataka mahujaji wabaki ndani ya mahema kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kwa ajili ya jua. Tulitii. Hotuba ya Msikiti wa Namira tuliifuata kwa simu ya kijana mmoja, kwa tafsiri ya Kiswahili, sote tumemzunguka.

Baada ya saa kumi nilimtoa Mama nje kwenye kivuli cha hema, nikamwelekeza kibla. Akatoa daftari la shule, lile la mistari. Kabla ya safari kila aliyekuja kumuaga alimwandikia jina lake humo na haja yake. Kurasa kumi na nne. Mama hasomi haraka. Anaweka kidole chini ya jina, analitamka, anaomba, anangoja niseme amina, anashuka mstari. Nilikuwa na dua zangu mwenyewe na jua linashuka. Nikasema amina. Nikasema amina.

Ukurasa wa tisa alisoma jina la ndugu wa marehemu baba, aliyelichukua shamba letu mwaka ule wa msiba na kutuacha na nyumba tupu. Hakuja kutuaga. Jina lake aliliandika Mama mwenyewe. Naujua mwandiko wake. Akamwombea afya, akamwombea riziki, akamwombea mwisho mwema. Akangoja.

Sikuweza. Kidole chake kilibaki chini ya jina lile, hakikushuka. Hakunitazama wala hakunihimiza. Muadhini hakuwa mbali na magharibi, kurasa tano zilikuwa zimebaki, na yeye alikaa kama mtu aliye na siku nzima mbele yake. Sijui ni dakika ngapi. Nilisema amina kwa sauti ya chini, akashuka mstari.

Usiku wa Muzdalifa

Mtume alipoondoka Arafa alimvuta ngamia wake hatamu huku akiwaambia watu kwa mkono: utulivu, utulivu. Basi letu lilikuja saa nne kasoro robo usiku, na kilomita zisizofika kumi hadi Muzdalifa tukazimaliza karibu na saa tano kasorobo. Tukasali magharibi na isha pamoja, tukaokota vijiwe vya ukubwa wa dengu vya kwenda kutupa Mina. Hesabu yake ni 49 kwa atakayeondoka Mina tarehe 12 Mfungotatu, na 70 kwa atakayebaki hadi 13.

Changarawe zilikula magurudumu ya kiti. Wanaume wawili, kwa mavazi yao nadhani ni Wapakistani, walikuja bila kuitwa wakakibeba kiti na Mama ndani yake, kama jeneza, mmoja akirudia "Ummi, ummi," mpaka kwenye lami. Mtume alimruhusu mkewe Bi Sauda, aliyekuwa mzito wa mwendo, aondoke Muzdalifa usiku kabla ya umati. Kwa ruhusa hiyo wagonjwa na wazee wa kikundi chetu na wasaidizi wao tuliondoka saa saba. Mwenye mzee auombe utaratibu huu mapema kwa kiongozi wake.

Idi na siku za Mina, 6 hadi 8 Juni

Kwenye jamarati, zile nguzo zinazotupiwa vijiwe, shehe alisema naweza kutupa kwa niaba ya Mama. Mama akataka avitupe mwenyewe vile saba vya kwanza. Alitupa kimoja baada ya kingine, takbiri kila kimoja, na watu wakamzunguka bila kumsukuma. Siku mbili zilizofuata alinikabidhi mimi. Tawafu ya ifadha tuliifanya usiku wa tarehe 11 Mfungotatu, juu, na safari hii kiti nilikisukuma mimi. Ilituchukua usiku kucha pamoja na sai. Mwaka huo tulikuwa mahujaji 1,673,230 kwa hesabu yao, na nadhani nusu walikuwa kwenye lifti ile.

Alhamisi 12 Juni: Jeddah

Ndege yetu ilikuwa ya saa nane mchana. Saa nane ikapita, ikatangazwa saa mbili usiku, kisha ubao ukafuta saa kabisa. Tulikwisha kabidhi mizigo na maboksi ya zamzam, lita tano kila mmoja. Dada wa Komoro alikuwa ameondoka asubuhi kwa ndege yake. Alimwachia Mama leso yake na mimi nikampa pini zangu zote.

Wanaume wetu walikwenda kuuliza kaunta, wakarudi, wakaenda tena. Mimi nilimpeleka Mama chumba cha sala cha wanawake, nikatandika mtandio, akaketi mbele yangu akiegemea magoti yangu. Kichwa kilikuwa kinamwasha; misuko ile ilikuwa na mwezi. Nikaanza kuifumua. Nywele za Mama zimebaki chache na nyepesi, zinakatika ukizivuta, kwa hiyo unaanzia chini, unafungua pindo moja, unapita kwa vidole, unapanda. Nikazitia mafuta ya nazi kutoka kichupa cha mkobani, nikaanza kumsuka upya, mistari myembamba. Mama akasinzia, akaamka, akasimulia habari za bibi yangu, akasinzia tena.

Mistari miwili ilikuwa imebaki pale kiongozi wetu alipopaza sauti mlangoni kuwa ndege imeitwa, watu wajipange. Wanawake wakanyanyuka wote. Nikakusanya kitana na mafuta.

"Malizia kwanza," akasema Mama.

Nikakaa, nikamalizia.